UZI: Tope la zambarau kwenye majaruba ya chumvi, na jinsi mwanga uliopolaraizwa unavyotuonyesha molekuli zimelala upande gani

Mwl_Mikindani (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za kusini. Uzi huu ni mrefu, mnivumilie. Jambo lenyewe nimekaa nalo miaka mingi na natamani sana liandikwe kwa lugha yetu.

Jumamosi ya bamvua nilishuka na wanafunzi wanane mpaka kwenye jaruba la chumvi lililoachwa, nyuma ya mikoko. Maji yalikuwa yamekupwa mbali. Nikapiga magoti, nikachukua kisu cha jikoni, nikakata tope kama unavyokata mkate wa kumimina na kuinua kipande. Hakikufika unene wa vidole viwili, lakini kilikuwa na rangi nne zimepangana. Juu kabisa ukoko wa chumvi na mchanga. Chini yake utepe wa kijani iliyokolea. Chini ya kijani, utepe wa zambarau inayoelekea kwenye waridi, laini kama siagi, unene wake kama punje ya mchele iliyolala. Halafu nyeusi tii, inayonuka yai viza.

Ile kijani ni sayanobakteria. Wanafanya usanisinuru kama mkorosho: wanapasua maji, wanatoa oksijeni. Nyeusi ni salfaidi ya chuma. Huko chini kuna bakteria wanaotumia salfeti ya maji ya bahari badala ya oksijeni na kutoa haidrojeni salfaidi, ndiyo harufu ile. Wa zambarau wamekaa katikati kwa sababu wanahitaji vyote viwili, mwanga wa juu na salfaidi ya chini. Usanisinuru wao haupasui maji, kwa hiyo hautoi oksijeni. Elektroni wanazichukua kwenye salfaidi, na punje za salfa zinabaki ndani ya seli. Cornelis van Niel aliliandika hili mwaka 1931, na kwa kulinganisha bakteria hawa na mimea akafikia wazo kwamba oksijeni tunayovuta inatoka kwenye maji, si kwenye kaboni dioksaidi.

Mwanafunzi mmoja akauliza swali zuri kuliko yote ya siku ile: "Mwalimu, kijani kakaa juu, kala mwanga wote. Huyu wa chini anaishi na nini?"

Anaishi na mwanga ambao macho yetu hayauoni. Klorofili a ya sayanobakteria inakomea karibu na nanomita 700. Baada ya hapo ni infraredi ya karibu, inapita kwenye kijani bila kuguswa, inafika chini. Bakteria wa zambarau wana bakteriaklorofili a, inayofyonza kati ya 800 na 900. Miaka ya 1880 Theodor Engelmann alitandaza spektra, yaani mwanga uliogawanywa rangi kwa rangi, chini ya hadubini na kuona bakteria hawa wakijikusanya mahali ambapo kwa jicho lake palikuwa giza. Hebu fikiria kuwa mtu wa kwanza kuliona hilo!

Sasa sikilizeni jambo lililonivuta mimi. Ukiitoa bakteriaklorofili a kwenye seli kwa methanoli, kilele chake, yaani mwanga inaoufyonza zaidi, kinakaa karibu na nanomita 770. Ndani ya seli molekuli hiyohiyo inaonyesha 800, 850, hata zaidi ya 870. Kemia yake haijabadilika hata atomu moja. Kilichobadilika ni jinsi protini ilivyoishika na jinsi ilivyopangwa na jirani zake. Spektrofotomita ya kawaida itakuambia inafyonza rangi ipi, kiasi gani. Imelala vipi, haikuambii.

Wa rika langu mnakumbuka antena za TV juu ya mlingoti wa mwanzi. Mmoja yuko nje anazungusha, ndani watu wanapaza sauti: "Bado! Rudisha! Hapohapo, usiguse!" Antena ikilala sawa na mtikisiko wa wimbi, picha inatulia. Ukiisimamisha wima wakati wimbi linatikisika kwa kulala, unabaki na chengachenga. Molekuli ya pigmenti, yaani ya rangi kama klorofili, ni antena ya namna hiyo. Kwa kila kilele chake kuna mwelekeo mmoja ambao elektroni zake zinayumba, na mwanga ukitikisika sambamba na mwelekeo huo unafyonzwa, ukitikisika kwa kuukata unapita. Mwelekeo huo nitauita mhimili wa ufyonzaji.

Mwanga wa kawaida unatikisika pande zote. Kichujio cha polaraizi kinaacha mtikisiko wa upande mmoja tu upite. Basi ukizipanga molekuli zako zielekee pamoja, ukapitisha mwanga uliopolaraizwa sambamba na mpangilio, kisha uliopolaraizwa kwa kuukata, vipimo viwili vitatofautiana. Tofauti hiyo inaitwa dikroizimu ya mstari. Ikiwa chanya, mhimili umeegemea kwenye mpangilio. Ikiwa hasi, umeupa ubavu. Na ipo pembe moja, digrii 54.7, ambapo tofauti inakuwa sifuri kabisa, kana kwamba hujapanga kitu.

Kazi kubwa ni kupanga. Seli zinazoelea kwenye maji zimeelekea kila upande na jumla yake ni sifuri. Njia ninayoipenda ni ya jeli: unachanganya vipande vya utando wa bakteria (ngozi nyembamba ya seli inayobeba pigmenti) na poliakrilamaidi, unaiacha igande kwenye kijisanduku cha mraba, kisha unaibana upande mmoja ili irefuke upande mwingine. Vilivyomo ndani vinajilaza kufuata mvuto. Njia nyingine ni kukausha utando juu ya kioo, ulale bapa.

Watu walifika mbali kwa njia hizi. Mwaka 1976 André Verméglio na Roderick Clayton walipima vituo vya mmenyuko vya bakteria wa zambarau, pale mahali ambapo nishati ya mwanga inageuzwa kuwa mwendo wa elektroni. Waliona kwamba ile jozi ya bakteriaklorofili inayofyonza karibu na 870 mhimili wake umelala karibu sambamba na uso wa utando, wakati bakteriofiofitini (bakteriaklorofili zisizo na magnesi katikati), zenye kilele karibu na 760, mihimili yake imesimama zaidi. Hapo fuwele ya kituo hicho ilikuwa haijapatikana. Johann Deisenhofer, Robert Huber na Hartmut Michel walipouchora muundo wake atomu kwa atomu kwa miale ya eksi, katikati ya miaka ya 1980, jozi na bakteriofiofitini zilikuwa zimekaa kama mwanga ulivyokuwa umeshasema. Wale watatu walipata Nobeli ya kemia mwaka 1988, na walistahili. Mimi nawakumbuka pia waliokaa gizani na jeli iliyobanwa miaka kumi kabla.

Maswali karibuni. Nitajibu usiku nikimaliza kusahihisha madaftari.

---

Jaruba_Mchinga

Mwalimu, asante sana kwa uzi. Mimi nipo Lindi, kazi yangu chumvi tangu nikiwa na miaka kumi na saba. Kila mwaka kusi likikaza na jua likiwa kali, maji ya jaruba la mwisho kabla ya chumvi kuganda yanakuwa mekundu, kama juisi ya rozela. Wazee walitufundisha kwamba ukiona wekundu, chumvi iko karibu. Ndio haohao bakteria wako?

---

Mwl_Mikindani

Mkuu Jaruba, wazee walikuwa sahihi kabisa kuhusu chumvi. Lakini wekundu ule ni wa viumbe wengine, na wengi wanachanganya hapo.

Maji yakikaribia kuganda chumvi, wanaostawi ni haloakea, wapenda chumvi kali, pamoja na mwani mdogo uitwao Dunaliella. Rangi yao kubwa ni karotenoidi, jamii ya ile rangi ya karoti. Baadhi ya haloakea wana pia bakteriorodopsini, protini yenye retinali, ndugu wa ile iliyo kwenye macho yetu, inayofyonza karibu na 570. Inatumia mwanga kusukuma protoni nje ya seli. Klorofili hawana, bakteriaklorofili hawana, na hawajengi sukari kwa mwanga. Jina lina "bakterio" lakini wao wenyewe si bakteria.

Wangu mimi wako chini ya miguu yako, kwenye tope la majaruba ya mwanzo, yale ambayo maji bado hayajawa makali sana. Kata pembeni, mahali pasipokanyagwa.

Ila bakteriorodopsini nayo ilipimwa kwa mwanga uliopolaraizwa. Utando wake wa zambarau ni bapa kama chapati, ukiukausha unajipanga wenyewe. Retinali ilionekana imelala karibu digrii 20 kutoka kwenye uso wa utando.

---

BintiNewala

Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha sita, PCB. Nimeelewa antena, nimeelewa chanya na hasi. Sijaelewa unatokaje kwenye tofauti mpaka unapata pembe. Naomba unionyeshe kwa namba.

---

Mwl_Mikindani

Marahaba binti, swali zuri. Chukua karatasi.

Tuseme (namba za kujifunzia hizi, si za maabara) umepima jeli iliyobanwa. Mwanga sambamba na mrefuko wa jeli: ufyonzaji 0.46. Mwanga unaoukata: 0.40. Tofauti ni 0.06. Peke yake haina maana, kwa sababu sampuli nzito itatoa tofauti kubwa na nyepesi itatoa ndogo. Kwa hiyo unaigawa kwa ufyonzaji wa wastani, yaani ule ambao ungeupata kama usingepanga kitu: jumlisha 0.46 na mara mbili ya 0.40, gawa kwa tatu. Unapata 0.42. Kwa nini mara mbili? Kwa sababu pande zinazoukata mrefuko ziko mbili, ya kushoto-kulia na ya mbele-nyuma.

0.06 gawa kwa 0.42 ni 0.143. Hiyo ni sawa na moja na nusu, mara S, mara (3cos²α − 1). Alfa ndiyo pembe unayoitafuta. S inasema mpangilio wako umekamilika kiasi gani: 1 ni kila kitu kimenyooka, 0 ni vurugu. Tuseme S unaijua, 0.2. Moja na nusu mara 0.2 ni 0.3. Gawa 0.143 kwa 0.3, unapata 0.476. Ongeza 1, gawa kwa 3: 0.492. Kipeuo cha pili chake 0.70, hiyo ndiyo cosα. Pembe yake ni kama digrii 45 na nusu.

Sasa weka alfa 54.7 uone kinachotokea ndani ya mabano. Fanya mwenyewe, usinisubiri.

Kigumu ni S. Watu wanaipata kwa kutumia kilele ambacho pembe yake inajulikana kwa njia nyingine, au kwa kuhesabu jeli imerefuka kiasi gani. Ukikosea S, pembe zako zote zinapinda pamoja. Ndiyo maana alama ya chanya au hasi naiamini kuliko digrii zenyewe.

---

BintiNewala

Nimepata sifuri! Asante mwalimu.

---

Mzee_Msimbati

Vijana, nawasoma kwa makini. Mimi ni mvuvi, sasa nimestaafu. Tope hilo la harufu nalijua. Mahali ambapo harufu inatoka wazi na maji yamekaa bila kutembea, samaki wadogo wanakufa. Mahali penye utando wa rangi juu ya tope, harufu ni ndogo na kaa wapo. Sikujua sababu. Hao wa zambarau ndio wanaoila?

---

Mwl_Mikindani

Shikamoo mzee. Umeona jambo la kweli. Haidrojeni salfaidi ni sumu kwa samaki, kwa kaa, hata kwa mizizi ya mikoko ikizidi. Bakteria wa zambarau wanaitumia kabla haijapanda kufika kwenye maji, na sayanobakteria walio juu yao wanatoa oksijeni inayomalizia kilichobaki. Usiku hakuna mwanga, kwa hiyo kinga inapungua, na alfajiri ndipo hali inakuwa mbaya zaidi. Sijui kama na wewe uliona samaki wamekufa zaidi asubuhi?

---

Mzee_Msimbati

Marahaba. Ni asubuhi. Daima asubuhi.

---

Maabara_Kusini

Mwalimu, mimi ni mtaalamu wa maabara ya hospitali. Hapa tuna spektrofotomita ya kawaida. Nimesikia pia habari ya dikroizimu ya duara, nikaona watu wanaitumia kwenye protini. Ina kazi kwenye hizi pigmenti?

---

Mwl_Mikindani

Ina kazi kubwa, na faida yake ni kwamba haihitaji kupanga sampuli. Hapo mwanga hautikisiki kwenye mstari mmoja. Mtikisiko unazunguka kama skurubu, wa kulia au wa kushoto, na unapima sampuli inafyonza upi zaidi.

Bakteriaklorofili iliyo peke yake kwenye methanoli inatoa ishara dhaifu sana. Lakini zikikaa karibukaribu kiasi cha kugawana nishati, kwamba ukiisisimua moja unakuwa umezisisimua zote kidogokidogo, ishara inakuwa kubwa na inakuwa na sura yake: kilima na bonde vimepakana, chanya na hasi, mahali pa kilele kimoja. Ukiiona sura hiyo kwenye 850 unajua hapo kuna kundi linalofanya kazi kama kitu kimoja.

Na ndivyo ilivyo. Kwenye kipokezi cha pili cha mwanga cha bakteria wa zambarau (protini inayokusanya mwanga kwa ajili ya kituo cha mmenyuko), ambacho Richard Cogdell na wenzake wa Glasgow walikichora kwa fuwele mwaka 1995, kuna pete ya bakteriaklorofili 18 zilizosimama zikipakana kama matete ya uzio wa mviringo, kutoka moja hadi nyingine kama nanomita moja. Hizo ndizo za 850. Kisha kuna nyingine 9 zimelala bapa, mbalimbali, kutoka moja hadi nyingine zaidi ya nanomita mbili. Hizo ni za 800. Molekuli ni moja, ila zilizobanana zimevutwa mpaka 850 na zilizotengana zimebaki 800.

Hapa mwanga wa mstari una utamu wake. Zile 18 zimesimama wima, lakini mhimili wa kilele chao cha 850 umelala sambamba na utando, kwa sababu kila bakteriaklorofili ina mihimili miwili inayokatana kwenye bapa lake. Mmoja ni wa infraredi, mwingine ni wa kilele kidogo karibu na 590. Molekuli ikisimama, mmoja unaweza kulala na mwingine ukasimama. Za 800 zimelala bapa, kwa hiyo mihimili yote miwili imelala. Kwa hiyo ukipima 590 pamoja na infraredi kwenye jeli moja, unajua bapa la molekuli limesimama au limelala, na hilo lilisomwa kwa mwanga miaka ya 1980, kabla ya fuwele. Nilipolielewa mara ya kwanza nilitoka nje nikatembea mpaka Shangani na kurudi.

Kuhusu mashine yako: angalia inaishia wapi. Nyingi za hospitali na shule zinafika 700 au 800 tu. Kwa 850 unahitaji inayofika angalau 1000.

---

FundiKamera_MT

Wakuu, nimeshindwa kunyamaza. Mimi nafunga kamera za ulinzi, na maghala ya korosho ndiyo wateja wangu wakubwa. Taa za usiku za kamera nyingi tunazofunga ni za nanomita 850! Zimeandikwa kwenye boksi. Na rimoti za TV nyingi ni 940. Mwalimu, si tunaweza kuona kitu hapo?

---

Mwl_Mikindani

Fundi! Umenipa somo la wiki nzima.

Ndiyo, tunaweza. Bakteria wa kawaida wa zambarau wanafyonza sana 850, lakini kwenye 940 wengi wao hawagusi. Chukua chupa mbili za kioo zinazofanana, moja ya maji ya bahari, moja ya bakteria. Weka taa ya 850 nyuma, tazama kwa kamera ya mbele ya simu, kwa sababu kwenye simu nyingi hiyo ndiyo inayoona infraredi. Kisha rudia na rimoti. Kama chupa ya bakteria inazima 850 lakini inapitisha 940, umeiona bakteriaklorofili a. Kama inafifisha zote mbili sawasawa, hilo ni tope tu linatawanya mwanga.

Ila kuhusu polaraizi nitoe angalizo. Vile vichujio mnavyobandua kwenye vioo vya simu vilivyopasuka ni vya plastiki iliyovutwa na kupakwa iodini au rangi. Plastiki inapovutwa minyororo yake inanyooka, iodini inajipanga juu yake, na kinachofyonza ni mpangilio huo. Yaani kichujio chenyewe ni dikroizimu ya mstari iliyo mkononi mwako. Vinafanya kazi vizuri kwenye mwanga unaoonekana, lakini kwenye 850 vingi vinapitisha tu. Viweke viwili msalaba mbele ya taa ya kamera, utaona mwanga unavuja. Maabara kwa kazi hiyo wanatumia miche (prizimu) ya fuwele za kalisaiti.

Kwa hiyo kwa vifaa vya hapa tufanye 850 bila polaraizi, na polaraizi tuifanye kwenye karotenoidi, ambazo zinafyonza mwanga wa bluu na kijani. Taa ya kijani, kichujio cha simu, basi. Kwenye kile kipokezi karotenoidi ni molekuli ndefu zinazoupenya utando kutoka upande mmoja hadi mwingine, kwa hiyo mihimili yao imeegemea kwenye kusimama.

---

Jaruba_Mchinga

Nimeshawishika. Hao bakteria nawakuza vipi nyumbani?

---

Mwl_Mikindani

Chupa ya lita moja na nusu, kata shingo. Tope jeusi robo ya chupa, changanya na gazeti lililochanwa vipandevipande na kiini cha yai la kuchemsha. Juu yake tope la kawaida, kisha maji ya hapohapo ulipochota tope mpaka karibu na ukingo. Funika kwa nailoni. Njia hii ni ya Sergei Winogradsky, ya miaka ya 1880 hiyohiyo. Weka karibu na dirisha, jua kali lisiipige moja kwa moja, usiitikise. Fungulia mahali penye hewa, harufu ile si ya kuvuta kwa karibu.

Kama unatumia taa, tafuta balbu ya zamani ya waya. Taa nyeupe za LED hazitoi infraredi, na bakteria wako watabaki na mwanga wa karotenoidi na wa vile vilele vidogo vya bakteriaklorofili, kama cha 590. Wiki sita, usikate tamaa wiki ya tatu.

---

Maabara_Kusini

Mwalimu, samahani kama naingilia. Kwa nini hukuendelea na kazi hii mwenyewe? Unaandika kama mtu aliyeishika mikononi.

---

Mwl_Mikindani

Niliishika. Nilikusanya tope miezi minne, nikakuza, nikapata chupa sita za zambarau safi. Vipimo vilikuwa vifanyike Dar. Nikafunga chupa kwenye boksi la barafu, na dereva wa basi akaniahidi mbele ya watu kwamba litakaa kivulini ndani pamoja na abiria. Likawekwa kwenye buti. Kilomita zaidi ya 550, basi likaharibika njiani, likalala. Nilipofungua boksi, maji yalikuwa ya moto na chupa zilikuwa zimegeuka rangi ya chai iliyochacha.

Tulipima hivyohivyo. Tulipotoa pigmenti kwa methanoli, badala ya 770 peke yake tukaona bega karibu na 750. Magnesi ilikuwa imetoka katikati ya molekuli, imebaki bakteriofiofitini. Na kwa jambo la polaraizi hata hilo lisingenisaidia, kwa sababu pigmenti ikishatoka kwenye protini inaelea ikigeukageuka kila upande, na tofauti ni sifuri. Unapima mpangilio. Mpangilio ukifa, huna cha kupima.

Muda wangu wa maabara ukaisha wiki ileile. Nikarudi kufundisha. Sijalisahau hilo boksi.

---

Jaruba_Mchinga (wiki saba baadaye)

Mwalimu, wakuu wote. Niliweka chupa tatu. Moja imekuwa ya kijani tu. Ya pili haijafanya kitu. Ya tatu, wiki ya tano, ilianza doa moja upande wa dirisha, kama damu ya zamani iliyokauka kwenye kitambaa. Sasa imezunguka chupa nusu. Mke wangu anasema ni rangi ya zambarau zilizoiva.

Kijana wangu alinunua taa ya 850 kwa Fundi. Tulifanya usiku. Chupa ya maji, taa inaonekana nyeupe kwenye simu, inaumiza macho. Tukamwaga maji ya zambarau kwenye chupa nyingine ya kioo, tukaweka mbele: taa ikawa kama mshumaa nyuma ya pazia. Rimoti, mwanga ukapita karibu kama kwenye maji. Tumerudia mara nne kwa sababu sikuamini.

Kisha nikajaribu na la polaraizi. Nilikausha matone kwenye kioo, nikaweka kichujio cha simu na taa ya kijani. Nikazungusha. Hakuna tofauti yoyote. Nimekosea wapi?

---

Mwl_Mikindani

Kaka, hujakosea. Nimesoma ujumbe wako mara tatu kabla ya kujibu.

Ulitazama kioo uso kwa uso. Utando ukilala bapa, mihimili inayosimama inakuelekea wewe moja kwa moja, na inayolala imezunguka pande zote sawa kama mionzi ya gurudumu. Ukizungusha kichujio huoni kitu, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Inamisha kioo, kama digrii 45, kisha zungusha.

Lakini fanya kwanza na kioo kitupu kisichopakwa kitu. Kioo kilichoinama chenyewe kinapitisha upande mmoja zaidi ya mwingine, kwa sababu kinaakisi mtikisiko mmoja zaidi. Andika tofauti ya kioo kitupu, ndipo upime chenye bakteria. Kinachobaki baada ya kutoa ndicho chao, na kitakuwa kidogo, kwa sababu ndani ya seli hizi utando mara nyingi umejikunja viputo vya mviringo, haulali wote.

Kwa tofauti ndogo hivyo jicho halitoshi. Maabara_Kusini ameniandikia pembeni kwamba amepata ruhusa ya mashine inayofika 1100. Ukiweza kunipatia nusu ya chupa hiyo, tutabana jeli hapa hapa Mtwara.

---

Jaruba_Mchinga

Nakupa chupa nzima, nimeshagawa kidogo ya kuendeleza mbegu. Inakuja kesho kwa basi la asubuhi na binamu yangu. Nimemwambia aishike mapajani, ameifunga kwa kanga yenye maji baridi. Kwenye buti haiingii.

---

Mwl_Mikindani

Nitakuwa stendi kuanzia saa tatu.